Mkononi au Kinenani: Mwongozo kwa Jamaa za Mgonjwa wa Mshtuko wa Moyo Anayewekewa Stenti

Mtu hupata mshtuko wa moyo pale mshipa mmojawapo unaolisha misuli ya moyo unapozibwa ghafla na donge la damu. Tiba iliyo bora, ikipatikana kwa wakati, ni kuuzibua mshipa huo kwa puto dogo na kuuwekea stenti, yaani kijibomba cha wavu wa madini kinachouzuia usijifunge tena. Wengi hawajui hadi siku yenyewe iwafikie kwamba kazi hiyo haifanywi kwa kupasua kifua. Daktari huingia kwa tundu dogo analolitoboa katika ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, na tundu hilo lina mahali pawili pa kawaida: kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, au kinenani, pale paja linapokutana na tumbo. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa kwa miaka kadhaa katika chumba cha katheta, yaani chumba ambamo mirija mirefu myembamba hupitishwa ndani ya mishipa hadi moyoni, na swali la kwanza ninaloulizwa na jamaa nikitoka mlangoni huwa ni lile lile: "Wameingilia wapi?"

Nitangulize rai yangu. Mkono uanze, kinena kisafishwe kiwe tayari pembeni, na pasipotee hata dakika moja katika kubishania njia. Yanayofuata ni maelezo ya sababu ya rai hiyo, ya mambo ambayo jamaa wanapaswa kumwambia daktari kabla kazi haijaanza, na ya namna ya kulichunga tundu hilo wodini na nyumbani, kwa sababu sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayobaki mikononi mwenu.

Ateri mbili, tabia mbili

Ateri ya mkononi ni nyembamba. Kwa watu wengi upana wake ni kama milimita 2 hadi 3. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba chako, upande wa kiganja, nawe utaisikia ikipiga. Kwa kuwa iko juu juu na chini yake pana mfupa, ikivuja huonekana papo hapo, na kuibana ni kazi ya kidole kimoja. Tena kiganja hakiitegemei peke yake, kwani upande wa kidole cha mwisho hupita ateri ya pili, na hizo mbili hukutana ndani ya kiganja, hivyo moja ikiziba nyingine kwa kawaida hukilisha chote.

Ateri ya kinenani ni pana zaidi ya mara mbili, hupitisha vifaa vikubwa bila taabu, na safari yake kuelekea moyoni haina makona mengi. Kasoro yake ni kwamba imezama ndani ya nyama, hasa kwa mtu mnene. Ikitobolewa juu mno, damu huweza kuvujia nyuma ya matumbo, mahali pasipoonekana kwa jicho wala kubanika kwa mkono. Ikitobolewa chini mno, pale inapogawanyika, hatari ni ya uvimbe wa damu unaodunda, au ya ateri kuungana na vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, iliyo jirani yake.

Kwa mtu mzima wa afya tofauti hizo zingekuwa ndogo. Lakini mgonjwa wa mshtuko wa moyo hufika mezani akiwa ametafunishwa aspirini ya miligramu 300, amemezeshwa klopidogreli au tikagrelo, na hapo hapo ataongezwa heparini. Damu yake imezuiwa kuganda kwa makusudi, ili donge lililoziba moyo lisizidi kukua, na tundu lolote analotobolewa hutobolewa katika damu ya namna hiyo. Akivuja sana presha hushuka, huenda akahitaji kuongezewa damu, na pengine hulazimu kusimamisha dawa zile zile zinazoilinda stenti mpya isizibe. Basi uvujaji wa kinenani usichukuliwe kuwa ni doa la buluu pajani tu.

Njia ya mkono haikuanza zamani. Andreas Grüntzig alipouzibua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, mjini Zürich mwaka 1977, aliingilia kinenani, na kwa miaka mingi kila mmoja alimfuata. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alichapisha habari za kupiga picha mishipa ya moyo kwa kuingilia mkononi, na mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kutibu kwa njia hiyo hiyo. Ilisubiriwa vifaa viwe vyembamba ndipo ikaenea.

Halafu zikaja tafiti kubwa zilizowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Ule wa RIVAL wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 7,021, haukuonyesha tofauti kubwa kwa jumla, isipokuwa waliofika na ule mshtuko mkali wa mshipa kuziba kabisa walinufaika na mkono. Mwaka uliofuata utafiti wa RIFLE-STEACS, uliofanywa Italia kwa wagonjwa 1,001, ulionyesha vifo vya moyo ndani ya siku 30 vikiwa asilimia 5.2 kwa walioingiliwa mkononi na asilimia 9.2 kwa walioingiliwa kinenani. MATRIX wa mwaka 2015, wenye watu 8,404, nao ukaelekea upande huo huo. Kutokana na hayo, miongozo ya madaktari wa moyo ya Ulaya ya mwaka 2017 na ya Marekani ya mwaka 2021 imeutanguliza mkono, ila kwa daktari aliyeuzoea. Upo pia utafiti wa Kanada, SAFARI-STEMI, uliochapishwa mwaka 2020, ambao kati ya wagonjwa 2,292 haukuona tofauti ya vifo: asilimia 1.5 mkononi na 1.3 kinenani. Mimi sioni kuwa unazipinga zile za kwanza. Ninavyousoma, unasema kwamba kinena kikishikwa na mtu anayekijua vizuri, tena kwa tahadhari zote za siku hizi, pengo hupungua. Kwa hiyo daktari akiwaambia, "Mimi huyu nitamwingilia pajani," msidhani mgonjwa wenu amepewa huduma ya daraja la pili.

Dakika tano kabla ya kuingia

Hospitali yenye chumba cha katheta hujitahidi kuufungua mshipa ndani ya dakika 60 tangu kipimo cha umeme wa moyo kithibitishe ugonjwa, na kwa anayehamishwa kutoka kwingine, ndani ya dakika 90. Katika muda huo mtaombwa idhini, mtaulizwa maswali kwa haraka, na mgonjwa atavuliwa nguo. Chagueni mtu mmoja awe msemaji. Familia zetu ni kubwa, na nimeona ami, shemeji na kaka mkubwa wakijibu swali moja majibu matatu huku saa ikienda.

Msemaji huyo aseme kwanza habari za figo. Kama mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, au ameambiwa kuwa atahitaji kusafishwa siku za mbele, mkono ambao ndiyo njia ya mashine hiyo, au unaotarajiwa kuwa njia, hauguswi. Aseme pia kama aliwahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo wa kuunganishiwa mishipa, kwa sababu mshipa wa kifuani uliotumika mara nyingi ni wa kushoto, na kuufikia ni rahisi zaidi kwa mkono wa kushoto. Kama amewahi kuingiziwa katheta, iliingia upande gani, na je, palikuwa na tatizo? Je, anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, au metformini ya kisukari? Je, miguu yake huuma akitembea mwendo mfupi, ikatulia akisimama? Maumivu ya namna hiyo huenda yakawa dalili ya ateri za miguu zilizojaa mafuta, na njia ya kinenani ikawa mbovu kabla haijajaribiwa.

Lipo moja ambalo wanaume wa kwetu hulificha hata pumzi zikiwaishia, nalo ni vidonge vya nguvu za kiume. Ateri ya mkononi ina tabia ya kujikaza ikiguswa, na dawa ya kuilegeza inayotiwa ndani ya mrija mara nyingi ni nitrogliserini. Ikikutana mwilini na vidonge hivyo, yaani sildenafili iliyomezwa ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, presha huweza kuporomoka vibaya. Namkumbuka mzee mmoja aliyezungukwa na wanawe wanne, na kila nilipouliza dawa anazotumia, kijana mkubwa alijibu kwa niaba yake kwamba ni za presha tu. Niliwatuma wakalete kitambulisho na karatasi za bima, nikamwinamia.

"Shikamoo mzee. Je, jana au leo umemeza dawa yoyote ya chumbani?"

Alitazama dari kidogo. "Marahaba, mwanangu. Jana usiku. Hawa vijana wasijue."

Hawakujua. Aliambiwa daktari peke yake, naye akaiacha nitrogliserini, akatumia verapamili, dawa nyingine ya kuilegeza ateri.

Vitu vya mwilini navyo viondolewe mapema: saa, pete, bangili. Bangili za dhahabu ambazo bibi hajazivua tangu harusi yake huwa kesi ya pekee, na sabuni ya maji ndiyo huzitoa. Mkono ukishavimba zitakatwa. Kama vidole vimepakwa piko nyeusi, mwambieni muuguzi, kwani kile kibanio cha kupima hewa ya damu, ambacho pia hutumika kupima kama ateri mbili za kiganja zinasaidiana, huweza kusoma vibaya juu ya rangi nzito. Ncha ya sikio itatumika kwa hewa, na kiganja kitapimwa kwa namna nyingine.

Kuhusu mkono wa kulia au wa kushoto, kawaida huanzwa wa kulia, kwa sababu meza, skrini na daktari mwenyewe vimepangwa upande huo. Kama mgonjwa ni seremala, fundi cherehani au mtu ambaye mkono wake wa kulia umewahi kuvunjika, ni haki yake kuyasema hayo, na madaktari wengi wataufikiria wa kushoto. Lisemwe mara moja, kisha daktari aachiwe.

Na kuhusu stara, ambayo hapa Pwani si jambo dogo, mkono una faida iliyo wazi. Hata hivyo timu yenye busara husafisha kinena vile vile, kwa tahadhari, kisha hukifunika kwa shuka tasa. Mama akitaka muuguzi mwanamke ndiye amsafishe, aombe. Mara nyingi yupo. Ninachowasihi ni kwamba asikatae kusafishwa kabisa, kwa sababu mkono ukigoma katikati ya kazi, kuanza upya usafi wa kinena ni dakika ambazo misuli ya moyo inazilipia.

Mezani

Mgonjwa huwa macho. Mkono wake hunyooshwa juu ya ubao, ngozi hupakwa dawa, kisha huchomwa sindano ya ganzi, ambayo kwa wengi ndiyo maumivu makubwa ya kazi nzima. Daktari huitafuta ateri kwa sindano, hupitisha waya mwembamba, na juu ya waya huingiza mrija mfupi ambao ndio utakuwa mlango. Mirija mirefu inayopita humo kwenda moyoni mara nyingi ni ya saizi 6, ambayo unene wake ni milimita 2.

Mgonjwa aambiwe mapema kwamba akisikia mkono unakazwa kwa ndani, kama unaokamuliwa kuanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko, aseme. Wazee wetu huona ni ushujaa kunyamaza, kumbe ukimya huo unamficha daktari kwamba ateri imejikaza, naye huendelea kusukuma. Akiambiwa, ataongeza dawa ya kulegeza na ya kutuliza, au atachukua mrija mwembamba zaidi.

Wakati mwingine haisaidii. Mshipa wa begani huwa umejipinda kama njia za Mji wa Kale, hasa kwa mtu mfupi wa umri mkubwa mwenye presha ya miaka mingi, na daktari hulazimika kuhamia kwingine. Katika RIVAL, wagonjwa wapatao 8 katika kila 100 walioanziwa mkononi walihamishiwa njia nyingine, na 2 katika kila 100 walioanziwa kinenani. Kwa hiyo mkimwona mgonjwa ametoka na plasta mbili, msiulize nani alikosea.

Wapo pia ambao kinena ndicho chaguo la kwanza, tena bila kusita. Mgonjwa aliyefika presha imeanguka, ngozi ya baridi, huenda akahitaji mashine ya kuusaidia moyo kusukuma damu, nayo haipiti mkononi. Mwingine mpigo wa mkono hausikiki kabisa. Mwingine mikono yote miwili imeshatumika kwa mashine ya figo. Daktari aliyefunzwa zaidi kinenani naye afanye anachokijua vyema, kwani usiku wa dharura si wakati wa kujifunza. Kitu ambacho ningependa kukiona kila kinena kinapotumika ni mashine ya ultrasaundi ya kuitazama ateri kabla ya kuitoboa, badala ya kukisia kwa vidole.

Wodini

Aliyeingiliwa mkononi hutoka amevaa bangili ya plastiki inayoangaza, yenye kijimfuko kilichojazwa hewa kwa bomba la sindano, kwa kawaida kama mililita 15. Mfuko huo unalibana tundu peke yake, na uwazi wake unakuruhusu kuona ngozi iliyo chini. Muuguzi hutoa hewa kidogo kidogo huku akitazama: akiona tone jekundu limejitokeza pale tunduni, hurudisha hewa kiasi, husubiri, kisha hujaribu tena. Kazi hiyo huchukua saa mbili hivi au zaidi. Ustadi wake uko katika kubana kiasi cha kuzuia damu isitoke bila ya kuikata isipite, kwa sababu ateri iliyobanwa ikazibwa kabisa kwa saa nyingi huweza kuganda na isifunguke tena. Mgonjwa huenda asihisi lolote, kwa kuwa ateri ya pili inamtosha, lakini siku nyingine akihitaji njia hiyo haitakuwapo. Kwa hiyo jamaa msiilegeze bangili kwa huruma wala kuikaza kwa hofu. Tazameni vidole: viwe na joto na rangi yake. Vikipauka, vikawa baridi, vikafa ganzi, au mkono ukavimba na kuwa mgumu hadi karibu na kiwiko, mwiteni muuguzi hapo hapo.

Mgonjwa huyu anaweza kuketi na kula punde tu. Ale kwa mkono mwingine, au alishwe. Mzee mmoja wa Kibokoni alikataa katakata kutia tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto, na mkewe akacheka akisema kwamba miaka arubaini amekuwa akimlisha, sasa ndiyo amekiri.

Aliyeingiliwa kinenani ana masharti mengine. Mrija ukishatolewa, tundu hubanwa kwa mkono dakika 15 hadi 20, au huzibwa kwa kifaa maalumu, kisha hulala chali, mguu umenyooka, mara nyingi saa 4 hadi 6. Asiinue kichwa kutafuta simu, kwani tumbo likikazwa, tundu nalo linasukumwa kwa ndani. Akikohoa au kupiga chafya, aweke kiganja juu ya bendeji na kubana. Mkojo ni wa kitandani, na wanawe wasimwonee haya wala wasimsaidie kusimama kwa siri.

Sasa nieleze kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo, kwenye hospitali nisiyoitaja, mgonjwa wa kinena alianza usiku kulalamika kiuno. Bendeji yake ilikuwa kavu, nyeupe, haina doa. Mpwa wake alikuwa akimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, nami nikaona ni godoro, nikaleta mto. Baada ya muda jasho lilimtoka, akasema anasikia kizunguzungu na haja ya kwenda chooni. Nilipopima presha nilikuta imeshuka sana. Damu ilikuwa ikivujia nyuma ya tumbo muda wote huo, upande ule ule wa bendeji niliyokuwa nikiisifu. Alipona, baada ya chupa kadhaa za damu na usiku mrefu. Tangu hapo, mgonjwa yeyote wa kinena akinitajia maumivu ya kiuno, ubavu au tumbo la chini, nampima presha kabla sijamjibu, na jamaa nawafundisha hivyo hivyo: msimkande, iteni mtu. Dalili nyingine za kuita ni uvimbe unaokua au unaodunda pajani, na mguu kuwa baridi au kufa ganzi.

Nyumbani

Kwa siku ya kwanza kidonda kiwe kikavu. Baada ya hapo maji ya kumwagia yanaruhusiwa, lakini asilowekwe kwenye beseni wala asiingie baharini hadi ngozi ifunge, kama wiki moja. Kuhusu udhu, kupangusa juu ya bendeji ni jambo linalojulikana, na ustadhi wa msikiti wenu atawaelekeza. Aliyeingiliwa kinenani asali akiwa ameketi kitini kwa siku chache, kwa sababu rukuu na sijida huikunja sehemu ile ile inayojaribu kupona. Choo cha kuchuchumaa nacho hivyo hivyo. Tafuteni kiti cha kukalia au choo cha kukaa.

Kuna kazi moja ya nyumbani ambayo inazikutanisha njia zote mbili, nayo ni kukuna nazi. Mwenye kidonda cha mkono anakizungusha kifundo na kukikandamiza. Mwenye kidonda cha kinena anakaa chini juu ya mbuzi, magoti yamekunjwa. Mama anayejiona ana nafuu siku ya tatu ndiye anayerudi kwetu na uvimbe. Anunuliwe tui la pakiti, hata akisema halina ladha. Jerikeni la maji la lita 20 lisishikwe na yeyote kati yao wiki ya kwanza, na kwa mkono ulioingiliwa, hata mfuko wa kilo 2 ubebwe na mkono mwingine kwa siku tatu hadi tano. Pikipiki na gari visubiri ruhusa ya daktari, kwani hapo linalotazamwa ni moyo wenyewe zaidi ya kidonda.

Damu ikianza kutoka nyumbani, msikimbilie pamba ya kufungia. Mkononi, mgonjwa aketi, na mtu abane kwa vidole juu ya tundu dakika 10 bila ya kuchungulia kila mara. Kinenani, mgonjwa alazwe chali, na mwenye nguvu abane kwa ngumi juu kidogo ya tundu. Ikiwa inaruka, au dakika 10 zimekwisha na haijakoma, aendelee kubanwa hivyo hivyo huku mnampeleka hospitali. Asipande tuktuk ameketi ikiwa ni kinena. Tafuteni gari anakoweza kulala.

Dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na mwenzake, kwa kawaida huendelea kwa miezi 12 baada ya mshtuko, na zisisimamishwe na mtu yeyote asiyekuwa daktari wa moyo, awe daktari wa meno au jirani aliyeona michubuko mkononi. Mwezi wa Ramadhani ukifika, aulize kwanza kama afya yake inaruhusu kufunga. Akiruhusiwa, tikagrelo, ambayo humezwa mara mbili kwa siku, hupangwa futari na daku, wala dozi isirukwe.

Mkiwa mbali na chumba cha katheta

Si kila hospitali ya Pwani ina chumba hiki, na wenye nacho hubadilika kulingana na mashine na wataalamu waliopo, hivyo ulizeni kwa simu kabla ya kuondoka. Ikionekana kwamba mgonjwa hatafikishwa na kuzibuliwa ndani ya dakika 120, kwa mfano anapotoka Lamu, au amekwama ng'ambo ya Likoni na foleni ya kivuko, hospitali iliyo karibu humchoma sindano ya kuyeyusha donge, kisha humhamisha. Sindano hiyo ikifaulu, hupigwa picha ya mishipa kati ya saa 2 na 24 baadaye. Isipofaulu, mgonjwa huingizwa chumba cha katheta mara moja. Wagonjwa hawa ndio ninaowatakia mkono kuliko wote, kwa sababu dawa iliyoyeyusha donge la moyoni haichagui, nayo huyeyusha pia kile kinachojaribu kuliziba tundu la kinenani. Anayewapokea aambiwe jina la sindano na saa iliyochomwa. Na njiani, yeyote anayemtoboa kuweka dripu aombwe aitie katika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, akiache kifundo cha kulia kizima.

Siku ya kuruhusiwa, msiondoke bila ya kadi ya stenti na muhtasari unaotaja ateri iliyoingiliwa, mkono au kinena, kulia au kushoto, na kama palikuwa na shida ya kupita. Zipigeni picha kwa simu za watu wawili wa nyumbani, maana ile ya mgonjwa ndiyo huwa imezimika siku inapotafutwa.